Ukurasa uliokosekana kwenye Moby-Dick yangu

Nakala yangu ya Moby-Dick, riwaya ya Mmarekani Herman Melville juu ya nahodha anayemwinda nyangumi mweupe, niliinunua shilingi elfu tatu hapa Tanga, kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai lake karibu na stendi ya daladala. Jalada lilikuwa limebanduka na kubandikwa tena kwa gundi, na pembeni mwa kurasa za mwanzo mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwa penseli tafsiri za maneno kwa Kijerumani. Nilifungua katikati kuona kama maandishi yanasomeka, nikalipa, nikaondoka. Nyuma sikuangalia.

Nilikisoma mwaka mzima na zaidi, usiku baada ya Isha, wanangu wakishalala. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, lakini Kiingereza cha Herman Melville si kile ninachokifundisha. Nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto neno lake, kulia neno letu. Kwa muda mrefu upande wa kulia ulibaki mweupe.

Sura tatu za mwisho, ya 133 mpaka ya 135, ni msako wa siku tatu. Hizo nilizisoma usiku mmoja. Siku ya tatu nyangumi mweupe anaibuka na maiti ya Fedallah, mtabiri wa nahodha, imezongwa na kamba ubavuni mwake. Anaigonga meli ya Pequod omo kwa kichwa, maji yanaingia. Nahodha Ahab, aliye kwenye mashua, anatupa chusa chake cha mwisho. Nyangumi anachomoka, kamba inakimbia, inanasa, Ahab anainama kuinasua, na kitanzi kinamkamata shingoni. Anatoweka kimya, hata wapiga makasia wake hawajatambua kwamba nahodha hayupo. Meli inazama. Juu ya mlingoti, Tashtego, mrusha vyusa mwenyeji wa Gay Head, bado anapigilia bendera misumari huku maji yakimfikia. Ndege wa baharini anaingiza bawa kati ya nyundo na mti, anabanwa, anashuka na meli. Kisha sentensi ya mwisho: sanda kuu ya bahari ikaendelea kuviringika kama ilivyoviringika miaka elfu tano iliyopita.

Chini yake hapakuwa na kitu. Nikageuza, nikakuta jalada.

Nilikasirika, na hasira ile ilikaa nami muda mrefu. Kitabu kinaanza na mtu anayetuambia tumwite Ishmael. Ndiye anayetupitisha kwenye baridi ya New Bedford, ndiye anayelala kitanda kimoja na Queequeg mrusha vyusa, ndiye anayekaa juu ya mlingoti akiwaza. Sasa chombo kimezama na watu wake wote. Nani aliyenisimulia?

Kwangu swali hilo halikuwa la darasani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi Kigombe, kijiji kilichopo kati ya Tanga na Pangani. Julai 1974, kusi likiwa limekolea, alitoka alfajiri na wenzake watatu na hawakurudi. Mama alikuwa na miaka kumi na saba. Vyombo vilitoka kuwatafuta. Kilichoonekana ni upo, kile kikata cha mti cha kufulia maji ngamani, ambacho bibi alikitambua kwa sababu mpini wake babu aliuziba ufa kwa waya wa shaba. Ikasaliwa sala ya ghaibu. Hakuna aliyerudi kusema kama upepo uliwageuza ghafla au walipigana nao usiku kucha, wala kama waliitana majina. Kwetu tumekua tukijua kwamba chombo kikizama na wote habari yake huzama nacho. Ndiyo maana nilimwona Melville ametudanganya. Nikakiweka kitabu juu ya kabati.

Kilikaa huko miaka miwili. Siku moja nilikuwa nikitafuta kwenye simu aya ya kuwapa wanafunzi wa kidato cha sita, nikafungua matini nzima ya Moby-Dick, ambayo kwa umri wake iko wazi kwa kila mtu, nikashuka mpaka mwisho. Baada ya sura ya 135 kulikuwa na maandishi mengine. Hitimisho. Aya chache tu, zingeenea kwenye ukurasa mmoja wa kitabu changu. Nikapanda kiti, nikashusha nakala yangu, nikaifunua mgongo: palikuwa na ukingo mwembamba wa karatasi, umebaki kwenye gundi. Ukurasa wangu wa mwisho ulichanika kabla sijaununua.

Nilipotafuta zaidi nikakuta kwamba jambo hilihili liliwapata Waingereza. Kitabu kilitoka kwanza London, tarehe 18 Oktoba 1851, kwa mchapishaji Richard Bentley, juzuu tatu, kwa jina la The Whale. New York walikitoa tarehe 14 Novemba. Katika toleo la London hitimisho halimo. Wahakiki wakasoma kama nilivyosoma mimi, wakakasirika kama nilivyokasirika. Yule wa gazeti la Spectator aliandika kwamba mtunzi hapaswi kutueleza mazungumzo ya wachimba madini waliomo shimoni ikiwa wote wanafia humo. Nilitamani kumpa mkono. Alikuwa na haki kabisa, ila kwa kitabu kisichokuwa kile Melville alichokiandika. Uhakiki wa namna hiyo haukumsaidia Melville. Kitabu hakikuuzwa vizuri, mwaka 1866 akaingia kazi ya ukaguzi wa forodha bandarini New York, akaifanya miaka 19, na alipofariki 1891 wachache walimkumbuka.

Katika hitimisho ndipo tunajua nani amepona. Siku ile ya tatu Ishmael alikuwa kwenye mashua ya Ahab, amewekwa mahali pa mpiga kasia wa omo, ambaye naye alihamia nafasi iliyoachwa wazi Fedallah alipopotea. Mashua ilipotikiswa watu watatu walirushwa majini. Wawili wakarudi, wa tatu akaachwa nyuma. Nilirudi sura ya 135 kutazama kama nilidanganywa au nilipitiwa. Nilipitiwa. Imo palepale, nusu sentensi: wa tatu akibaki nyuma hoi, lakini bado anaelea na kuogelea. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kumfuata nyangumi, nikamwacha mtu majini kama mashua yenyewe ilivyomwacha.

Basi nikafungua tena kaunta buku. Safari hii nilikuwa na kazi moja, kuupata mwisho ule kwa Kiswahili, neno kwa neno, na nisikubali neno nisilolisikia likitoka kinywani mwa mtu.

Nilianza na sanda. Kwa Kiingereza ni shroud, na neno hilo ni sanda na pia ni kamba zinazoushikilia mlingoti ubavuni mwa meli. Melville, aliyepanda meli ya nyangumi Acushnet mwezi Januari 1841 akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, hawezi kuwa hakuisikia maana ya pili alipoandika ya kwanza. Bahari inafunika meli kwa kitu chenye jina la kamba za meli. Nilihangaika kutafuta neno letu la namna hiyo, nikalikosa, nikakubali. Lakini tunalo jambo ambalo yeye hakulijua. Sanda ya kwetu ilikuwa merikani. Kitambaa kile kilichukua jina la nchi yake kwa sababu kilitoka kwao: meli za Salem, mji wa Massachusetts kama New Bedford, zilikuwa zikileta Unguja nguo za pamba zisizotiwa rangi na kurudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Mkataba baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem, alifika 1837. Miaka minne kabla Melville hajapanda Acushnet.

Bibi yangu, kama wazee wengi wa wakati wake, alikuwa amejiwekea sanda. Alinunua mbili, yake na ya mumewe, akazikunja kwenye kasha na karafuu na udi. Yake ilitumika 1998. Ya babu ikabaki. Mama anayo mpaka leo, na kila mwaka huitoa juani. Niliposoma sanda kuu ya bahari kwa mara ya pili, baada ya hasira kwisha, niliona kwamba Melville hakuwa anapamba lugha. Kwa aliyezama hakuna sanda nyingine.

Maneno mengine yalikuja kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Chusa nilikuwa nalo tangu mwanzo, wavuvi wetu wanalitumia kwa pweza na taa. Ambari nalo ni letu, kutoka Kiarabu, na sura ya 92 imelitenga jambo hilo peke yake: Melville anastaajabu kwamba kitu cha harufu nzuri namna ile, wanachokitamani mabibi na mabwana, kinatoka kwenye utumbo wa nyangumi mgonjwa. Wazee wa pwani hii walikuwa wakiiokota ufukweni na kuiuza bila kuhitaji sura nzima ya kustaajabu. Na nyangumi mwenyewe? Mwanzoni mwa kitabu kuna orodha ya majina ya nyangumi, Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kidenishi, hata Kifiji, iliyokusanywa na mwalimu msaidizi wa shule, mgonjwa wa kifua, aliyekuwa akipangusa vumbi kamusi zake kwa leso. Nyangumi halimo. Nimeliongeza mimi kwa kalamu ya wino mweusi kwenye nakala yangu, chini ya neno la Kifiji.

Penye uzito ni kwenye kamba. Katika sura ya 117 Fedallah anamtabiria Ahab kwamba hatakufa mpaka aone majeneza mawili baharini, moja lisilotengenezwa na mikono ya binadamu, na la pili la mti ulioota Marekani. Kisha anamwambia: hemp, mmea wa nyuzi za kusokotea kamba, pekee ndiyo inayoweza kukuua. Ahab anacheka, anadhani ni kamba ya kunyongea, na kwa kuwa baharini hakuna mti wa kunyongea anajiona hafi nchi kavu wala majini. Kamusi inanipa katani. Lakini mtu wa Tanga akisikia katani anaona mkonge, anaona mistari ya kijani inayokwenda mpaka kwenye mlima, anasikia korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikiparua majani. Mkonge nao ulitoka kwao: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai na kupandwa upande wa Pangani ilikuwa 62. Baba yangu alifanya kazi kwenye korona miaka ishirini na mbili. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kamba aliyosaidia kuifanya. Nilijiuliza kama nina haki ya kumnyonga Ahab kwa mkonge wa babangu, mmea ambao haukuwemo kitabuni. Nimeamua kuandika katani. Msomaji wa Tanga ataona mkonge, na sioni kosa lake. Kitakachomuua Ahab lazima kiwe kitu kinacholala nyumbani kwa kila mtu, kinachotumika kufungia mbuzi.

Kwa jeneza nilikwenda Kigombe kwa mjomba.

Mjomba wangu ni fundi wa mashua. Nilimkuta chini ya mkungu, mashua imelazwa ubavu, anapiga kalafati: anasokotea pamba kwenye maungo ya mbao, anaigongea ndani kwa patasi butu. Kando yake bati la sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake haitoki nguoni hata ufue mara ngapi. Nilimwamkia, akanionyesha gogo la kukalia, nikamsomea sura ya 110 na ya 126, nikitafsiri papo hapo.

Queequeg, mrusha vyusa kutoka visiwa vya Bahari ya Kusini, anaugua homa, anajiona anakufa, anaomba atengenezewe jeneza linalofanana na mtumbwi. Seremala wa meli anampima na kulichonga. Queequeg analilalia kujaribu. Kisha anakumbuka kuna jambo dogo hajalimaliza nchi kavu, anaamua kutokufa, anapona. Jeneza linakuwa sanduku lake la nguo. Baadaye boya la meli linazama na mtu aliyeangukia baharini, hakuna lingine, na Queequeg anaashiria jeneza lake. Seremala anaambiwa alipigilie kifuniko, alipige kalafati, alipake lami. Ananung'unika sana. Halafu anasema ataning'iniza kamba thelathini kuzunguka lile jeneza, kila moja futi tatu, ili meli ikizama watu thelathini wagombee jeneza moja.

Mjomba aliacha kugonga.

“Mbao zake za wapi?”

Nilifurahi, kwa sababu Melville alilijibu. Ni mbao kuukuu za rangi ya giza zilizokuwa melini, zilizokatwa safari za nyuma kwenye visiwa anavyoviita Lackaday, jina ambalo masikioni mwangu ni mchezo wa Laccadive, visiwa vya Bahari hiihii ya Hindi.

“Basi hilo la huku,” mjomba akasema, akaendelea na pamba yake.

Nilirudi Tanga na hilo neno. Mti wa Marekani ndio uliozama, kama Fedallah alivyotabiri, kwa kuwa jeneza la pili lilikuwa meli yenyewe. Mbao zilizotoka upande wetu wa dunia ndizo zilizoelea. Sijui kama Melville alikusudia, lakini ameziandika zote mbili, nami nimezisoma zote mbili.

Nilipokuwa naondoka mjomba alinisahihisha jambo ambalo kamusi isingenisahihisha. Nilikuwa nimetaja sanduku la maiti, nikidhani ndilo sahihi zaidi, maana wao huzikwa ndani ya sanduku. Akasema, “Mwanangu, mwite jeneza. Sanduku likishaingia kaburini halirudi. Jeneza hurudi msikitini.” Ni kweli. Kwetu jeneza ni la wote. Linambeba maiti mpaka mvani, maiti anashushwa na sanda yake, na jeneza linarudi tupu mabegani mwa watu likamngoje mwingine. Ndivyo lile la Queequeg lilivyofanya. Meli ilishuka, maji yakazunguka na kuzunguka mpaka yakajifunga, na katikati ya duara likachomoka jeneza kwa nguvu, likaruka juu, likaangukia ubavuni mwa Ishmael. Kamba thelathini, na aliyeshika ni mmoja.

Aya ya mwisho ya hitimisho nimeitafsiri mara kumi na moja. Baadhi ya sentensi ziliingia kwenye Kiswahili kama zilikuwa zikisubiri mlango ufunguliwe. Karibu mchana mzima na usiku mzima Ishmael anaelea juu ya jeneza, kwenye bahari laini kama mbolezi. Papa wanapita kando yake bila kumdhuru, kana kwamba wametiwa kufuli vinywani. Ndege wakali wanaruka na midomo yao imo alani. Hapo sikuhangaika.

Jina lake je? Msomaji wa Kiingereza akisikia Ishmael anafikiria mtoto wa Ibrahimu aliyefukuzwa nyumbani, na hilo ndilo wafafanuzi wanalolisisitiza. Mimi nikisikia Ismaili namwona mtoto mchanga amewekwa kwenye bonde kavu, mamaye Hajar anakimbia kati ya Safa na Marwa akitafuta msaada, na Zamzam inabubujika. Kwangu Ismaili ni mtoto aliyeokolewa na maji, na mama anayekimbia huku na huku yumo ndani ya jina lake. Ndiyo sababu ile meli inayokuja kumwokoa haikunishangaza.

Meli hiyo ni Rachel. Tulikutana nayo sura ya 128. Nahodha wake, Gardiner, mtu wa Nantucket kama Ahab, amepoteza mashua moja, na ndani yake mna mwanawe wa miaka kumi na miwili. Anamwomba Ahab amsaidie kutafuta, anataka hata kuikodi Pequod kwa saa arobaini na nane. Ahab anakataa. Anasema anapoteza muda. Sura inafungwa kwa maneno ya Yeremia 31:15, ambayo mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alinifungulia kwenye Biblia yake: Raheli akiwalilia watoto wake, kwa kuwa hawako. Wasomi wengi hujadili ni wapi hasa Ahab alijiangamiza. Mtu aliyekulia kijiji cha wavuvi hana cha kujadili. Ilikuwa pale. Julai 1974, vyombo vilivyotoka kumtafuta babu vilikuwa vya watu ambao baadhi yao walikuwa hawasemezani naye. Kulikuwa na ugomvi wa mtego wa wando, nimeusikia utotoni. Walitoka vilevile, na kusi likivuma.

Sentensi ya mwisho kabisa inasema kwamba ilikuwa ile Rachel inayozungukazunguka, ambayo katika kurudia njia zake ikitafuta watoto wake waliopotea, ilimpata tu yatima mwingine. Neno la mwisho la Moby-Dick ni yatima. Kitabu kizima cha nyangumi, mafuta, vyusa na kisasi, na kinaishia kwenye neno hilo.

Niliwahi kufikiria mkiwa, kwa sababu Ishmael ni mtu mzima na kisheria yatima ni mtoto. Mkiwa ni neno zito, lina upweke wote ndani yake. Nikaliacha. Rachel anatafuta watoto, kwa hiyo anachokipata lazima kiwe mtoto. Na hapo nikakutana na tatizo ambalo Waingereza hawana. Kwao meli ni mwanamke, ana watoto wake. Kwetu sisi hatutenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi, tunatenganisha chenye uhai na kisicho na uhai. Nikiandika “ilikuwa ikitafuta”, Rachel ni mbao na tanga. Nikiandika “alikuwa akiwatafuta”, ni mama. Nimeandika a-. Sarufi itanilaumu, na nimekubali lawama, kwa sababu pale pote pengine kitabuni meli nimeziacha na i- yake, na mabadiliko hayo ya herufi moja mwishoni ndiyo yatakayomwambia msomaji kwamba kuna aliyekuja.

Kilichobaki kilikuwa only found. Ikapata tu. Ikakuta. Ikaokota. Haikupata ila. Kila moja lilikuwa pungufu. “Ikapata tu” inamdharau Ishmael, kana kwamba kumpata si kitu. “Ikaokota” inamsahau mtoto wa Gardiner. Nilihitaji neno lenye mikono miwili, mmoja umeshika kilichopatikana na mwingine uko mtupu. Nikakaa nalo tangu Februari mpaka Ramadhani.

Jioni moja tumefuturu, mwanangu mdogo akamwuliza bibi yake kuhusu ule upo unaoning'inia jikoni kwake. Mama hapendi kulizungumza jambo hilo, lakini kwa mjukuu alijibu. Alimwambia kwamba babu yangu alikuwa na chombo, kikatoka, hakikurudi. Akamwambia watu wa Kigombe walikwenda kumtafuta mpaka kisiwa cha Maziwe, wakarudi, wakaenda tena. Mtoto akauliza, wakampata?

“Siku tatu walizunguka, baba,” mama akasema. “Wakaambulia upo.”

Nilikuwa nakusanya vikombe. Nikaviweka chini.

Nimelisikia neno kuambulia maisha yangu yote. Aliyekwenda sokoni kuuza ng'ombe akauza jogoo, ameambulia. Aliyekosa kabisa ameambulia patupu. Mtu haambulii kile alichokitafuta. Na bado mama alilisema huku akiutazama ule upo ukutani, uliopakwa mafuta na kupanguswa miaka yote hii, na waya wake wa shaba.

Nilimwomba mwanangu kaunta buku yangu iliyokuwa chini ya mto wa kiti. Upande wa kushoto sentensi ilikuwa imekaa peke yake tangu Februari. Upande wa kulia nikaandika: Alikuwa ni Rachel yule azungukaye, ambaye katika kurudia njia zake akiwatafuta wanawe waliopotea, aliambulia yatima mwingine.

Mama aliniuliza naandika nini. Nikamsomea. Akaniuliza kama yule kijana walimpa maji.